Mtoto Niliyemkalisha Mlangoni

Siku ile chumbani tulikuwa saba, na nitawataja wote, kwa sababu sitaki kusimulia kana kwamba nilikuwa peke yangu. Alikuwepo Mwalimu Perpetua, mkuu wa chekechea yetu pale Kirumba, Mwanza. Alikuwepo Bi Zarina, mwenye jengo. Duka lake la vyombo lilikuwa mbele, sisi tukiwa nyuma kwenye stoo yake ya zamani. Alikuwepo Baba Sesilia, aliyekataa kiti akabaki amesimama. Alikuwepo Sesilia, miaka mitano, plasta kwenye paji la uso. Alikuwepo Mama Kabula, ameitwa kutoka soko la samaki la Mwaloni alikokuwa anaanika dagaa, magamba bado yanameta mikononi. Alikuwepo Kabula, naye miaka mitano, ameshika pindo la kanga ya mama yake. Na mimi, Felista, mlezi wa darasa, nimeshika kikombe cha bati.

Kikombe ndicho kilichotukutanisha. Asubuhi ile Kabula alimpiga nacho Sesilia usoni, uji na vyote. Haikuwa mara ya kwanza kupiga mtu. Ilikuwa mara ya kwanza damu kutoka.

"Mwalimu, chagua," Baba Sesilia alisema. "Abaki huyu au abaki wangu."

"Nyumbani hapigi mtu," Mama Kabula akasema. "Ana wadogo zake wawili, hajawahi kuwagusa. Naapa."

"Labda kwenu hakuna vikombe," Baba Sesilia akamjibu.

Mwalimu Perpetua akanigeukia. "Dada Feli, wewe ndiye unayeshinda naye. Sema."

Nikasema. "Huyu mtoto ni mkorofi. Nimejaribu kila njia. Nimemkalisha karibu yangu kabisa, pale mlangoni, nimwangalie. Bado."

Mama Kabula alinitazama. Hakuwatazama wengine. "Dada, hata wewe?"

Wiki ile ile Kabula alipelekwa kwa bibi yake, kijiji cha karibu na Bujora. Sikumwona tena kwa miaka mingi. Mengine yote nitakayowaambia yanazunguka hapo, hata pale mtakapodhani nimeshahama.

Wanangu mnaoanza kazi kwenye chekechea hapo Kiseke, mkuu wenu ameniomba niwaandikie uzoefu wangu. Nilimwambia uzoefu ninao, ila haujanyooka. Ninyi mmesoma chuo. Mimi niliacha shule darasa la sita. Baba na mama walifariki ndani ya mwaka mmoja, nyuma yangu kukiwa na wadogo wanne, na hakuna aliyeniuliza kama napenda hesabu. Chekechea niliingia kama mpika uji na mfagiaji. Nilipofikia kushika chaki, nilikuwa nimeshafagia chumba kile mara nyingi kuliko mtu yeyote alivyofundisha ndani yake. Ndiyo maana ninachokijua zaidi ni chumba. Watoto bado wananichanganya.

Nianze na mamba.

Kuna mwaka tulipata fundi wa rangi wa kujitolea, kijana mwenye mkono mzuri kweli. Alichora ukutani twiga, kiboko, samaki aina zote. Kwenye ukuta wa njia ya kwenda chooni akachora mamba, mdomo wazi, meno yanahesabika. Wazazi walikuja kupiga picha. Ndani ya wiki moja watoto wakaanza kujikojolea. Si mmoja wala wawili. Nikafua nguo za ndani hadi kamba ikajaa. Mwalimu Perpetua akasema ni maji ya bomba, tuchemshe. Tukachemsha. Mama mmoja akasema kuna mtu ametuchezea, akaleta dawa ya kunyunyiza mlangoni. Mwalimu akamshukuru na dawa akaiweka kabatini, nadhani naye aliogopa kuitupa.

Mwisho ni mtoto mmoja, Masanja, mkumbukeni jina hili, aliyenijibu nilipomuuliza kwa nini hakwenda chooni. "Amekaa njiani," akasema, kama mtu anayeshangaa kwamba mimi simwoni.

Hawa ni watoto wa ziwani. Wanajua mama fulani alikwenda kuchota maji na hakurudi. Tulimfunika mamba kwa chokaa, na siku ya pili nguo za kufua zikaisha. Lakini subirini. Mwaka uliofuata chokaa ikafifia, mamba akaanza kutokeza tena, macho kwanza. Watoto wapya wakampa jina, wakawa wanamsalimia wakipita. "Shikamoo Babu." Hakuna aliyejikojolea. Chumba kile kile, mamba yule yule. Nielezeni ninyi mliosoma.

Chumba chetu kilikuwa kirefu na chembamba, kwa sababu kilijengwa kuhifadhi mizigo. Tulitandika mikeka upande huu na upande huu, katikati tukaacha njia iliyonyooka kutoka mlango hadi ukuta wa mwisho. Watoto walikimbia humo kuanzia wanapofika hadi wanapoondoka. Niliwakataza. Niliwaadhibu kwa kuwasimamisha. Mwalimu Perpetua alitunga wimbo wa kutembea polepole, nao wakauimba huku wanakimbia. Siku moja fundi seremala akaleta kabati, akalitua katikati ya njia, akaenda kula na hakurudi hadi keshokutwa. Siku mbili hizo hakuna aliyekimbia. Walizunguka kabati wanatembea, wengine wakakaa nyuma yake wakachezea vizibo vya soda. Sisi tukaambiana, "Unaona? Wimbo umeanza kuwaingia."

Fundi akarudi, akaliweka kabati ukutani tulipomwonyesha, akiwa bado anaomba radhi. Kabla hajafika barabarani mbio zilikuwa zimeanza. Mwalimu Perpetua alisimama mlangoni akamwita kwa sauti ambayo nadhani ilisikika Mwaloni: "Fundi! Rudi uliweke vibaya!"

Basi nilianza kufahamu kwamba chumba nacho kina mdomo. Njia ndefu inamwambia mtoto kimbia. Kona iliyozibwa pande tatu inamwambia kaa. Kitu kilichowekwa juu asikofika kinamwambia panda, na akipanda tunamwita mtundu. Nilidhani nimeshaelewa. Na bado nikamweka Kabula pale nilipomweka.

Sasa niwaeleze kwa nini mlangoni.

Baada ya wazazi kuondoka, sisi watano tuliishi chumba kimoja. Mimi nilikaa na kulala mlangoni. Hakuna aliyetoka bila kuniruka, hakuna aliyeingia bila mimi kuamka. Mdogo wangu wa tatu, aliyekuwa anatoroka kwenda kuwangoja wavuvi, nilimlaza hapo pembeni yangu, mkono wangu juu ya kifua chake. Kwangu mlangoni hapakuwa mahali pa adhabu. Hapo ndipo nilipoweka kile nisichotaka kipotee. Alikua, hakupotea, na nikaamini ni ule mlango.

Kwa hiyo Kabula alipoanza kusukumana na wenzake nilimtoa ndani nikamleta mlangoni, mkeka wake ukagusa kigoda changu. Nilimhamisha kwa kumpenda, na hili naomba mlielewe kabla hamjanihukumu. Akaanza kupiga. Nikamsogeza karibu zaidi. Akapiga zaidi. Nikasema, huyu kweli ameshindikana, hata hapa.

Alipoondoka, ile sehemu ikabaki wazi. Nikamweka Neema, kwa sababu mtu huwezi kuacha mkeka mtupu mlangoni, ninavyojua mimi. Neema alikuwa mtoto mpole hata tukawa tunasahau kumpa uji. Wiki ya kwanza hakuna kitu. Wiki ya pili akamsukuma mtu. Siku chache baadaye nikasikia kilio, nikageuka, Neema ana nywele za mwenzake mkononi. Nyingi.

"Nani amekufundisha?" nikamuuliza.

Alizitazama zile nywele kama naye hajui zimefikaje.

Mchana ule nilikwenda mbele dukani kurudisha ufunguo. Bi Zarina alikuwa anapanga bidhaa. Familia yake ilifanya biashara Mwanza tangu babu wa mume wake, na Kisukuma alikijua kuliko mimi, maana wateja wake walikuwa wanawake wa vijijini wanaonunua sufuria za arusi. Nikamweleza habari za Neema. Hakunitazama, aliendelea kufuta mabakuli.

"Felista, glasi mimi naweka wapi?"

"Ndani. Nyuma ya kaunta."

"Na mlangoni naweka nini?"

"Ndoo za plastiki. Makarai."

"Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, aliweka glasi mlangoni zivutie watu. Zikavunjika. Akasema kiwanda hiki kibovu, akaagiza za kiwanda kingine. Zikavunjika. Akaagiza tena. Miaka minne anagombana na viwanda." Akacheka hadi akakohoa. "Mume wangu akahamisha meza siku mama yake alipolazwa hospitali. Aliporudi akasema, naona sasa wameanza kutengeneza glasi imara."

Sikucheka. Nilirudi nyuma, siku iliyofuata nikampa Neema mkeka wa ndani, na mimi mwenyewe nikakaa pale mlangoni. Si kwenye kigoda changu. Chini, kwenye mkeka, miguu nimeikunja, kichwa changu kikiwa kwenye kimo cha mtoto.

Wanangu, niliona magoti. Asubuhi nzima magoti. Watoto wanaoingia, watoto wanaokwenda chooni, mzazi aliyesahau kuacha kitambaa. Mfuko wa mtu ukanipiga sikioni. Ndoo ya uji ikapita juu ya kichwa changu, moto wake ukanigusa shavu, na aliyeibeba hakuniona. Upepo wa ziwani ukaleta vumbi, nikafumba macho, nilipofumbua mtu ananikanyaga vidole. Nikamaliza saa moja sijui kilichofundishwa. Saa ya pili mguu mwingine ukanijia kwa nyuma ukanikanyaga kanga, na kabla sijafikiri, mkono ukaondoka wenyewe. Pah! Nilimpiga Mwalimu Perpetua kwenye muundi.

Yeye alisimama kwa mguu mmoja, daftari limeanguka.

"Dada Feli!"

"Samahani, Mwalimu."

"Umepatwa na nini?"

Nikataka kumwambia nimepatwa na mlango. Nikaanza kulia badala yake, mtu mzima, mbele ya watoto thelathini, na Sesilia akaja kunipangusa kwa pindo la sare yake.

Hapo ningeishia, ningeonekana nina hekima, mngeenda zenu. Lakini nimeahidi kuwaambia yalivyokuwa. Mwaka uliofuata, kabla hatujaziba pale kwa rafu, tulipata watoto wengi, nafasi ikakosekana, ikabidi mtu akae mlangoni miezi kadhaa. Akakaa Masanja, yule wa mamba. Nikamwangalia kwa hofu kila siku. Masanja alikanyagwa, alimwagiwa maji, mfuko ulimpiga. Akawa anawasalimia watu wanaompita, akiwataja kwa viatu vyao. Akachoka, akalala, akaamka, akasalimia tena. Miezi minne. Hakumpiga mtu hata kwa jani.

Nilimpelekea Bi Zarina habari hiyo. "Huyo ni ndoo ya plastiki," akasema, akacheka tena. Mimi sikuridhika. Mtoto si chombo. Kama mlango ndio uliompigisha Neema, kwa nini haukumpigisha Masanja? Na kama Masanja aliweza, pengine Kabula kweli alikuwa na kitu chake moyoni ambacho hata ningemkalisha juu ya kabati kingetoka. Kuna siku naamka nina hakika nilimdhulumu. Kuna siku naamka nikisema, Felista, unajipa ukubwa usio wako, ulisema ulichokiona.

Nilijaribu kutafuta jibu. Nilikwenda Mwaloni mara tatu kumtafuta Mama Kabula. Mara ya kwanza sikumwona. Mara ya pili nilimwona, ameinama juu ya dagaa anawageuza juani, nikasimama mbele yake. Akainua kichwa. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu nyumbani. Nikasema, "Dagaa hawa ni wa leo?"

"Wa leo, Dada."

"Nipimie."

Akanipimia. Nikaondoka na dagaa. Mara ya tatu nikaambiwa amehamia kisiwani. Kwa watu waliotoka upande wa Bujora nilisikia mawili: mmoja akasema Kabula ni mtoto msikivu, bibi yake anamtegemea kwa kila kitu, mwingine akasema mtoto yule, hata mbuzi wanamkwepa. Nikaacha kuuliza.

Kwa hiyo haya ninayowaambia kuhusu kazi yachukueni kama ya mtu ambaye hana hakika, lakini aliyafanya kila siku hadi kustaafu, na hakuyaacha hata siku alizoyatilia shaka.

Kabla hamjasema mtoto ni mkorofi, kakaeni anapokaa. Chini kabisa, asubuhi nzima, si dakika mbili za kutazama. Mkisimama mtaona darasa lenu, halafu mtadhani ndilo analoliona yeye.

Kila mtoto awe na msumari wake ukutani wa kutundikia mfuko, kimo chake, na alama aliyoichagua mwenyewe. Hili nililitoa nyumbani kwetu. Tulikuwa hatuna kitu, lakini kila mmoja alikuwa na msumari, na ugomvi wa nguo ulikwisha siku nilipoipigilia. Mtoto ambaye hana mahali pake hupigania kila mahali.

Mvua ikipiga bati, msishindane nayo. Sisi tulipiga kelele, wao wakapiga kelele, mvua ikashinda. Siku za mvua tulicheza michezo ya mikono, hakuna kusema. Kuna mwaka watoto walikuwa wanasinzia mvua ikianza, darasa zima, na sijui ni kwa nini, na sikuwaamsha.

Kona ya kujificha iwepo. Kitenge na kamba vinatosha. Mtoto aliyejaa hasira atakwenda huko mwenyewe badala ya kumrukia mwenzake. Mkaguzi mmoja aliniambia kona ile inafundisha uvivu. Nikamwambia ndiyo mheshimiwa, nikaishusha, alipopanda gari lake nikaipandisha.

Picha ukutani ziwe chache. Na mamba, muulizeni mtoto kwanza.

Sasa Jumatatu iliyopita. Wengine mlikuwepo, mliniona, ila hamkujua mnachokiona. Nilikuja hapo Kiseke kuwasaidia kupanga chumba kipya, tukabishana kuhusu rafu, na yule mwalimu mdogo wenu, Anitha, akaniambia, "Bibi, wewe kila kitu kwako ni kuogopa mlango." Tukacheka. Wazazi walikuwa wanaanza kuleta watoto.

Akaingia mwanamke mrefu, kitambaa cha kichwa cha njano, amemshika mtoto wa kike mkono.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

"Hunikumbuki." Akatabasamu. "Mimi Kabula. Wa Kirumba, kwenye stoo ya vyombo. Yule wa kikombe."

Nilishika rafu.

Yeye alicheka, kicheko cha wazi, hakina kinyongo ndani, na hicho ndicho kilichoniumiza. Akamwinamia binti yake. "Minza, msalimie bibi. Huyu ndiye mwalimu niliyemshinda." Kisha akamgeukia Anitha, kwa sauti ya mtu anayetoa msaada: "Madamu, nakwambia mapema, huyu ana ukorofi wangu. Mimi hivyo hivyo, tangu mdogo, nilifukuzwa hadi shule. Mkalisheni mlangoni, karibu na mwalimu, mmwangalie."

Minza alikuwa anamsikiliza mama yake. Hakuwa ameshangaa. Alikuwa ameshayasikia.

Anitha akaanza kuusogeza mkeka mlangoni. Nikatangulia. Nikamshika Minza mkono nikampeleka ndani, kwenye ile kona ya rafu tuliyokuwa tunaibishania, mahali ambapo hakuna anayepita, nikamwonyesha msumari wake.

"Huko ndani mtamwonaje?" Kabula akauliza.

"Tutamwona."

Basi. Hicho tu ndicho kilichotoka. Akashukuru, akaniombea afya njema, akaenda kazini kwake.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikija asubuhi, mkadhani nakuja kuwakagua. Nakaa karibu na geti. Kabula anamleta Minza, ananipa shikamoo, naitikia. Jumanne nilisimama kabisa nikasema, "Kabula," naye akasema, "Abee," nikasema mtoto avalishwe sweta, asubuhi kuna ubaridi wa ziwa. Jumatano akaja na sweta.

Siwezi kumwambia "haikuwa wewe," kwa sababu sina hakika, na yule mwanamke hastahili uongo mwingine kutoka kwangu. Siwezi kumwambia "ulikuwa mlango," kwa sababu mlango haukusema lile neno, mkorofi. Nililisema mimi, mbele ya watu sita, nimeshika kikombe. Mwalimu Perpetua hayupo tena duniani, Bi Zarina hayupo, Baba Sesilia sijui aliko. Waliolisikia wametawanyika. Aliyelibeba ni mmoja, amelitunza vizuri hadi likawa la kuchekea, na Jumatatu nilimwona akilikabidhi kwa binti yake.

Minza siku nne hizi hajampiga mtu. Hiyo haithibitishi kitu. Nimeshawaambia habari za Masanja.

Leo mama yake atakuja kumchukua saa sita. Kama mtaniona nimesimama getini naye, msiniite kuja kuangalia rafu. Nina neno la kumrudishia, na hadi ninapoandika haya, bado nadaiwa.